Pakiti ya Betri Hufa kwa Seli Moja

Kijana anayetaka kujifunza kuunda pakiti za betri huuliza kwanza namna ya kuchomelea solda. Hilo ni jambo la mwisho, na ndilo jepesi kuliko yote. Kazi yenyewe hufanyika siku nyingi kabla chuma hakijapata moto: kupima seli moja moja, kuzipanga kwa uwezo wake, na kuzikataa zile zinazojifanya nzima. Samaki mmoja akioza wote wameoza. Weka seli moja mbovu kati ya kumi na moja nzuri, na pakiti nzima itazimika pale hiyo moja inapochoka.

Kpandroma, kama vituo vingine vya biashara kwenye nyanda za juu za Djugu, mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo, hujitafutia umeme wake. Mtambo wa maji wa Budana, uliojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, uko Ituri hii hii, lakini nyaya zake hazikuelekezwa kwenye kila soko. Kinyozi, mwenye kibanda cha kuchaji simu na mama anayeuza hadi usiku wote wanategemea sola. Paneli iliyotunzwa hufanya kazi miaka 20 na zaidi. Kinachokufa mapema ni betri, na betri mpya ya maana huja kutoka mbali, kwa bei ya mbali. Fundi anayejua kuunda pakiti kutokana na seli za zamani, au kuifufua iliyozimika, hakosi mteja.

Seli gani utafute

Pasua betri ya kompyuta ya mkononi iliyokufa na mara nyingi utakuta seli sita za mviringo, kila moja ikiwa na upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ndiyo maana huitwa 18650. Ni seli za lithiamu, za aina ambayo kampuni ya Sony ilianza kuiuza mwaka 1991. Ndani yake mara nyingi mna kobalti, madini ambayo sehemu kubwa duniani huchimbwa nchini mwetu, upande wa Kolwezi. Kompyuta ikikataa kuwaka, mara nyingi seli mbili tu ndizo zimekufa. Nne zilizobaki bado zina miaka ya kuwasha taa.

Seli hizi huhesabiwa kuwa na volti 3.7. Zikijaa hufika 4.2, na hazifai kushushwa chini ya 3.0.

Kuna ndugu yake anayeitwa lithiamu-chuma-fosfeti, LFP kwa kifupi. Huyu ana volti 3.2, hujaa kwenye 3.65, huvumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi na hashiki moto upesi. Taa nyingi nzuri za sola na mitambo midogo ya nyumbani huwa na seli hizi. Usizichanganye kamwe na zile za kompyuta, hata kama umbo linafanana. Chaja ya 4.2 itaiua LFP. Soma maandishi kwenye ganda, na ukikuta 3.2V iweke kwenye boksi lake.

Ukinunua seli mpya, usiamini namba zilizoandikwa juu. Seli ya 18650 inayodai 9,900 mAh (miliampea-saa) inadanganya, kwa kuwa hata seli bora za kawaida huwa karibu na 3,500. Mizani ndogo ya mnunuzi wa dhahabu itakuambia ukweli kabla hujatoa pesa: seli halisi huwa na gramu 43 hadi 50. Ikisoma 30, mwachie muuzaji mzigo wake.

Vifaa vya mezani

Mita ya kupimia volti ndiyo jicho lako. Usianze bila hiyo. Ongeza chaja ya seli moja inayokata kwenye 4.2, rezista ya ohmu 4 yenye wati 10 (zile nyeupe za saruji hupatikana ndani ya amplifaya zilizokufa), chuma cha solda chenye wati 60 au zaidi, solda, fluksi, msasa, utepe wa kuzuia umeme, fyuzi na vishikio vyake kutoka duka la vipuri vya pikipiki, na ndoo ya mchanga. Daftari na kalamu navyo ni vifaa.

Vua pete na saa ya chuma. Seli moja ikigusishwa ncha kwa ncha na pete yako huitia joto la kuunguza kidole kabla hujapata muda wa kuivua.

Majaribio manne

Fungua boksi la betri ya kompyuta kwa kupenyeza bisibisi pana kwenye mshono wake, kwa kuinua, si kwa kuchoma ndani. Tenganisha seli kwa kukata vipande vya nikeli katikati, si kwa kuving'oa kwenye seli. Vipande hivyo vilibandikwa kiwandani na vitakufaa baadaye. Andika namba kwenye kila seli, kisha anza.

*La kwanza, volti kama ilivyokutwa.* Iliyo juu ya 2.5 inaendelea. Iliyo kati ya 2.0 na 2.5 ni ya mashaka: ichaji kwa mkondo mdogo ukiwa karibu nayo. Iliyo chini ya 2.0 ikatae. Seli ikishuka mno, shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka, na ukiichaji tena shaba hiyo hujijenga mahali pasipofaa hadi igusanishe pande mbili kutoka ndani. Itachaji leo, na mwezi ujao itachemka usiku.

*La pili, joto.* Ijaze hadi 4.2 huku ukiigusa mara kwa mara. Uvuguvugu si neno. Ikipata joto la kukufanya uondoe mkono, iondoe kwenye chaja, ipeleke nje, na usiijaribu tena.

*La tatu, subira.* Seli iliyojaa iache wiki mbili bila kuigusa, kisha ipime. Nzuri itasoma karibu 4.15. Iliyoshuka chini ya 4.0 inavuja ndani kwa ndani. Hili ndilo jaribio ambalo mafundi wenye haraka huliruka, na ndilo linaloleta pakiti nyingi zinazorudishwa na wateja.

*La nne, uwezo.* Unganisha seli iliyojaa kwenye rezista ya ohmu 4. Kabla ya kuunganisha soma volti, na baada ya sekunde kumi soma tena. Ikishuka kutoka 4.15 hadi 4.05, ina nguvu. Ikishuka kwa 0.2 itafaa taa ndogo. Ikishuka kwa 0.3 au zaidi, imezeeka. Kisha angalia saa. Rezista hiyo huvuta wastani wa ampea 0.9, kwa hiyo seli iliyochukua saa mbili kufika 3.0 ina karibu 1,800 mAh. Usiende sokoni ukaiacha hapo, kwa maana rezista haijui kusimama kwenye 3.0. Iweke juu ya tofali, kwani nayo huchemka.

Kipimo hiki si cha maabara, lakini ukitumia rezista ile ile kwa seli zote utajua ipi ina nguvu kuliko ipi, na hilo ndilo unalolihitaji.

Kupanga kwenye karatasi kwanza

Seli zikiunganishwa sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, uwezo hujumlishwa na volti hubaki ile ile. Zikiunganishwa kwa mfululizo, volti hujumlishwa. Pakiti ya taa za volti 12 hupatikana kwa makundi matatu kwa mfululizo: 11.1 kwa kawaida, 12.6 ikijaa.

Kanuni ni kwamba makundi yote yawe na jumla moja, au zikaribiane sana. Tuseme vipimo vya seli zako kumi na mbili, kutoka juu kwenda chini, ni 2,100, 2,050, 1,980, 1,950, 1,900, 1,850, 1,800, 1,800, 1,750, 1,700, 1,620 na 1,600. Zigawe kwa kwenda na kurudi: ya kwanza kundi A, ya pili B, ya tatu C, ya nne tena C, ya tano B, ya sita A, na kuendelea hivyo hivyo. Utapata A yenye 7,350, B yenye 7,370 na C yenye 7,380. Makundi haya yatachoka pamoja na kujaa pamoja. Ukiyapanga ovyo, kundi dogo litakauka mapema kila usiku na kufurika mapema kila mchana, hadi life.

Pakiti hiyo ina ampea-saa 7.35, mara volti 11.1, karibu wati-saa 81. Panga kutumia asilimia 80 tu, yaani 65. Taa tatu za wati 3 kwa saa tano hula 45, na kujaza simu moja ya kisasa hula kama 18. Jumla 63. Nyumba ndogo imetosheka. Kinyozi mwenye mashine na redio kutwa nzima hatatosheka, na ni heri umwambie kabla hajalipa.

Kuunganisha

Hakikisha seli za kundi moja zinalingana volti, tofauti isizidi 0.05, kabla ya kuzishikanisha. Iliyojaa ikiunganishwa na iliyo tupu humwaga mkondo mkubwa bila kukuomba ruhusa.

Angalia kichwa cha seli. Ganda lote la chuma, kuanzia chini hadi ukingo wa juu, ni hasi. Kitufe cha chanya kimetengwa na ukingo huo kwa milimita chache tu na karatasi nyembamba. Plastiki ya juu ikichanika hapo, waya mmoja unaopita juu yake unatosha kuwasha moto. Weka pete ya karatasi ngumu au plastiki kwenye kila kichwa cha chanya, na seli iliyochanika ivishe upya kabla ya kazi nyingine yoyote.

Mwenye mashine ya kubandika nikeli kwa nukta aitumie. Asiye nayo atumie vile vipande vya nikeli alivyoviacha kwenye seli: chomelea waya kwenye kipande, si kwenye mwili wa seli. Kwangua kwa msasa, paka fluksi, tandaza solda kwenye kipande na kwenye waya kila kimoja peke yake, kisha viunganishe kwa mguso wa sekunde mbili. Chuma kidogo chenye wati 25 ni hatari kuliko kikubwa, kwa sababu hulazimika kukaa muda mrefu, na joto linazama ndani hadi kwenye utando unaotenganisha pande mbili za seli.

Sasa bodi ya ulinzi, ile yenye kukata umeme kundi likizidi au likipungua. Nunua ya makundi matatu kwa pakiti ya makundi matatu. Anza na waya wa hasi kuu, halafu kiungo cha kundi la kwanza na la pili, halafu cha la pili na la tatu, na mwisho chanya kuu. Kabla ya kila waya, pima: unapaswa kuona karibu 3.7, kisha 7.4, kisha 11.1. Namba ikikataa, simama utafute kosa.

Mwisho weka fyuzi kwenye chanya, karibu na pakiti. Ya ampea 10 ya pikipiki inatosha kwa taa na simu, ukitumia waya wa milimita 1.5 za mraba. Pakiti bila fyuzi usiitoe mezani kwako.

Kuchaji: hapa ndipo wengi huharibu

Paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa volti 21 hivi ikiwa juani bila mzigo. Usiiunganishe moja kwa moja. Kidhibiti chaji cha kawaida kilichotengenezwa kwa betri za asidi hupandisha hadi 14.4, nacho hakifai kwa pakiti ya 12.6. Utamsikia mtu akisema, «Bodi itakata.» Bodi ni mlinzi wa mlango. Haikuwekwa iwe inapigana kila mchana, na siku itakapochoka hakuna wa pili.

Kuna njia mbili safi. Ya kwanza ni kuweka kipunguza volti chenye skrubu mbili kati ya paneli na pakiti, ukakirekebisha kwa mita hadi kitoe 12.6 kamili, na mkondo usizidi ampea 2 au 3 kwa pakiti ya ukubwa huu. Ya pili ni kutumia seli za LFP, makundi manne kwa mfululizo: 12.8 kwa kawaida, 14.6 zikijaa. Hizo hukubaliana na kidhibiti cha zamani cha 14.4, na mteja anaendelea na vifaa alivyo navyo. Hakikisha tu kwamba hakina hatua ya kupandisha zaidi ya hapo.

Kwa pakiti yetu ya mfano, paneli ya wati 30 inafaa. Ya wati 20 itatosha siku za jua kali, lakini msimu wa mvua na ukungu wa milimani mteja atalala gizani na kukulaumu wewe.

Iliyokufa ikiletwa mezani

Usikimbilie seli. Fuata njia ya umeme kutoka nje kwenda ndani: tundu la chaja, swichi, waya, fyuzi. Taa na spika nyingi zinazosemwa betri zake zimekufa zimelegea tundu tu.

Vikiwa vizima, pima pakiti kabla ya bodi na baada ya bodi. Ukikuta 11 upande wa seli na sifuri upande wa kutokea, bodi imefunga mlango. Mara nyingi iliishiwa chaji ikalala, na kuiunganisha na chaja sahihi kwa muda mfupi huiamsha.

Kisha pima kila kundi. Tuseme unasoma 3.92, 3.90 na 2.10. Huna haja ya kubahatisha: makundi mawili yana afya, la tatu ndilo linaloizima pakiti. Badilisha kundi zima la tatu, si seli moja ndani yake, na uweke seli za aina ile ile zenye jumla inayolingana na makundi yaliyobaki, *kama yalivyo leo*, si kama yalivyoandikwa kiwandani. Ukiweka seli mpya zenye uwezo mara mbili, hujaongeza chochote.

Wengine hushtua seli iliyofika sifuri kwa kuigusisha kwenye betri ya pikipiki. Usifanye hivyo. Itaonyesha volti, mteja atafurahi, na wewe utakuwa umempelekea moto nyumbani. Vivyo hivyo betri ya simu iliyovimba: haitobolewi, haibanwi, haifufuliwi.

Betri za gari zinazotumika majumbani zina kanuni zake. Ikipumzika saa kadhaa, yenye 12.7 imejaa na yenye 12.1 iko nusu. Mwambie mwenyewe asiishushe chini ya hapo. Maji yakipungua, ongeza maji safi ya betri, si asidi, wala si ya kisima.

Moto na taka

Chaji juu ya saruji au tofali, mbali na kitanda, na mbali zaidi na chupa za petroli za wauza mafuta wa barabarani tunaowaita Kadhafi. Seli inayotaka kulipuka huanza kwa kuzomea na kutoa moshi. Isukume nje kwa koleo, zuia pumzi, kwa kuwa moshi wake ni sumu, kisha mwaga maji mengi kuipoza au ifukie kwa mchanga. Watu kwanza, mali baadaye.

Seli ulizozikataa zifunike ncha zote mbili kwa utepe, uzihifadhi kwenye chombo kikavu chenye mchanga ambacho watoto hawakifikii. Usizichome, wala usizitupe chooni au mtoni. Na usiyeyushe risasi ya betri za gari nyumbani ili upate pesa kidogo. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watoto na wazazi wao sumu ya risasi. Phyllis Omido, aliyewaongoza wakazi kupigana nacho, alitunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Ikiwa kiwanda kilifanya hivyo kwa mtaa mzima, sufuria jikoni kwako itafanya hivyo kwa watoto wako.

Daftari na bei

Kila pakiti inayotoka iandikwe: tarehe, aina ya seli, uwezo wa kila kundi, volti ya kuchajia. Bandika karatasi hiyo hiyo juu ya boksi, ili fundi mwingine wa Mahagi au Bunia asiikosee kwa chaja. Mwambie mteja airudishe mwezi wa kwanza upime makundi yote matatu. Bodi nyingi za bei nafuu hazisawazishi makundi zenyewe, na tofauti ya 0.1 ikionekana mapema hurekebishwa kwa kulichaji kundi moja lililobaki nyuma.

Kuhusu malipo, weka bei ya kupima kando na bei ya kuunganisha, na usione haya. Mteja akikuuliza kwa nini pakiti imechukua wiki tatu wakati jirani yako huiunda kwa mchana mmoja, mfungulie daftari umwonyeshe zile seli ulizozikataa. Hizo ndizo alizolipia zisiingie nyumbani kwake.